Kabla ya kununua SUV ya plagi, ongea na landilodi

Swali ambalo mmeniuliza zaidi siku hizi si la simu wala siasa. Ni hili: "Hizi SUV za haibridi za plagi, kama Outlander PHEV, ni form ama ni hasara?" Na mimi huwajibu kwa swali: unaegesha wapi usiku?

Usicheke, niko siriasi. Ukiniambia unaegesha kwa ploti huko Roysambu, magari kumi na mawili yamebanana na soja ndiye anajua nani anatoka saa ngapi, basi hiyo ndai unayoiota ni gari ya petroli iliyobeba betri bure.

Wacha nieleze kidogo, maana naona watu wanachanganya. Haibridi ya kawaida, kama Toyota Aqua, inajichaji yenyewe ukiwa barabarani, ukikanyaga breki na injini ikizunguka. Hakuna mahali pa kuichomeka. Haibridi ya plagi ina betri kubwa zaidi na shimo la kuchaji ubavuni. Ukiichaji usiku, unaendesha kwa stima peke yake kilomita kadhaa, halafu betri ikiisha injini inashika usukani. Outlander PHEV ilianza kuuzwa Japani mwaka 2013 ikiwa na betri ya kWh 12, injini ya lita 2.0 na mota mbili, moja mbele na moja nyuma. Modeli ya 2019 ikapanda hadi kWh 13.8 na injini ya lita 2.4. Ile sura mpya iliyotoka 2021 ina kWh 20. Toyota nao walileta RAV4 ya plagi mwaka 2020, kWh 18.1. Kwa barabara na bei za Nairobi, nyingi mnazoziona kwa yadi ni hizo Outlander za kizazi cha kwanza.

Sasa, muuzaji akikuonyesha karatasi ya Japani imeandikwa kilomita 67 kwa lita, usiruke. Hiyo namba ilikuwa ya ukweli kwa mtihani wao, ambao unahesabu kwamba umechaji na sehemu kubwa ya safari umeenda kwa stima. Kwa foleni ya Mombasa Road, AC imewaka, betri ina miaka saba, kilomita 35 za stima kwa chaji moja ni matarajio ya mtu mwenye akili. Baada ya hapo unasukuma gari ya kilo 1,800 na zaidi kwa petroli. Ukipata kilomita 12 kwa lita, shukuru.

Wazungu wamepitia hii story kabla yetu. Uingereza na Uholanzi waliweka nafuu ya kodi kwa magari ya plagi, na kampuni zikayachukua kwa wingi kwa mkataba wa kukodi, ile miaka mitatu minne halafu unarudisha. Mfanyakazi anapewa SUV kubwa, ofisi inalipa mafuta. Sasa niambie, achaji ya nini? Mwaka 2018 kampuni moja ya Uingereza inayofuatilia matumizi ya magari ya kazi ilisema kuna magari yalirudishwa mwisho wa mkataba waya ya kuchaji ikiwa bado kwenye plastiki yake. Halafu Machi 2024 Tume ya Ulaya ikatoa takwimu za magari ya plagi yaliyosajiliwa 2021: hewa chafu yanayotoa barabarani ni wastani wa mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwa vipimo vya maabara. Gari haikudanganya. Watu hawakuchomeka. Na hao wengi wana gereji nyumbani! Wewe na mimi tuna ngazi za ghorofa ya nne na ekstensheni ya mita tano.

Tupige hesabu, maana najua kuna mtu atasema "lakini nitaokoa mafuta". Sawa. Tuseme uniti moja ya tokeni ni shilingi 30 na petroli ni 180 kwa lita. Kujaza ile betri ndogo kunakula uniti kama 11, hiyo ni shilingi 330, unapata kilomita zako 35. Kilomita hizo hizo kwa petroli, kwa kilomita 12 kwa lita, ni kama shilingi 525. Umeokoa karibu 195. Mara siku 22 za kazi, ni karibu 4,300 kwa mwezi. Si mbaya! Hiyo ni shopping ya wiki.

Lakini gari umeinunua na nini? Tuseme umekopa milioni 2 kwa riba ya asilimia 16, inayopungua kadiri unavyolipa, miaka minne. Kila mwezi unalipa karibu 56,700. Mwisho wa mkopo umelipa riba peke yake kama 720,000. Akiba yako ya mafuta kwa hiyo miaka minne, ukichaji kila siku ya kazi bila kukosa, ni kama 206,000. Yaani hujafikia hata theluthi ya riba. Na hapo sijataja bima, sijataja shoki, sijataja yule shemeji ambaye sasa anataka lifti ya kila Jumapili.

Kwa hivyo mtu akikuambia nunua SUV ya plagi ili uokoe pesa, muulize kama yeye ndiye anauza. Ukiinunua kwa sababu ulikuwa unataka SUV tayari na doo iko, hiyo ni maneno mengine. Sikatazi mtu kuomoka.

Kuna kitu kingine hakisemwi sana na ndicho kinaniuma. Sheria yetu ya kuingiza magari inasema gari isizidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Ni sheria poa kwa Vitz. Kwa gari ya plagi, angalia kinachotokea: watengenezaji wengi, Mitsubishi wakiwemo, walitoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000. Ile gari bei inakubaliana na mfuko wako ni ile ya miaka sita, saba. Inashuka Mombasa dhamana ikiwa inahema, na hata hiyo iliyobaki ilikuwa ya mteja wa kule Japani, si yako. Mjapani ametumia miaka mizuri ya betri, wewe unalipia mkopo wa miaka mibaya. Ushuru nao hauulizi betri imebaki asilimia ngapi. Unalipa tu.

Ndiyo maana usinunue kabla betri haijapimwa. Si kuangalia kioo kinasema kilomita ngapi, kile kinabahatisha. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari akuambie betri imebakiwa na uwezo kiasi gani ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Muuzaji akikataa betri isipimwe, rudisha funguo, chukua mat uende nyumbani. Ukiwa hapo, uliza pia waya ya kuchaji iko wapi, kwa sababu magari mengine hufika bila. Na ikiwepo, jua kwamba ilitengenezewa stima ya Japani, volti 100 au 200. Ya kwetu ni 240. Usichomeke kabla fundi wa stima hajaiangalia. Pia ile soketi ya ndani ya gari ambayo watu wanaonyesha kwa video wakiwasha friji stima ikipotea, inatoa volti 100. Friji ya mathe haitaki hiyo kitu bila transfoma.

Sasa tuje kwa kukodi, maana kuna mtu ataniuliza kwa nini tusifanye kama Ulaya, tuchukue kwa mkataba na turudishe betri ikichoka. Wazo ni tamu. Hapa kwetu ukisikia mkataba mkubwa wa kukodi magari, ni wa serikali na kampuni. Polisi walianza kupata magari ya kukodi mwaka 2013. Kijana aliyeajiriwa juzi anachopewa ni ile ya lipa mdogo mdogo, ambapo logibuku inakaa kwa mkopeshaji, na ukikosa miezi miwili gari inafuatwa hadi kwa pakingi ya kanisa. Hiyo si kukodi. Ukikodi, mwenye gari ndiye anabeba hasara ikishuka bei na betri ikichoka. Hapa hasara yote ni yako, na riba juu.

Na unajua ni nani tayari wameelewa hili jambo kutushinda? Watu wa boda. Angalia pikipiki za stima zinazobadilisha betri, hizi za akina Ampersand na Spiro. Msee wa boda ananunua pikipiki, lakini betri si yake. Ikiisha anaenda kituoni, anatoa hiyo, anawekewa iliyojaa, anaendelea kutafuta. Betri ikizeeka, hiyo ni kesi ya kampuni. Basi za BasiGo pia, tangu 2022, zimeleta mpango wa mwenye basi kulipia kwa kila kilomita. Yaani mtu wa matatu na mtu wa boda wamekataa kubeba betri inayozeeka, halafu sisi wenye digrii tunapigania kukopa milioni 2 tuibebe peke yetu. Siku mtu ataleta mpango wa gari ndogo ambapo betri inabaki kuwa ya kampuni, nitakuwa wa kwanza kwa laini.

Mtu asifikirie nachukia plagi. Ukiangalia stima ya Kenya, zaidi ya asilimia 80 inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Kuna nchi zinachaji magari kwa makaa ya mawe; sisi tunachaji kwa ardhi ya Naivasha. Na tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji magari iliyoidhinishwa na EPRA: shilingi 16 kwa uniti, na 8 ukichaji ile saa stima haitumiki sana, kabla ya kodi na tozo. Rudia ile hesabu yangu na 8. Uniti 11 ni shilingi 88, hata ukiongeza tozo bado iko chini sana ya petroli. Hapo sasa gari inaanza kuongea lugha nzuri. Shida ni kwamba bei hiyo inataka mita yake peke yake, na mpangaji hana mita ya pakingi. Anayo ile ya kwa mlango, ya tokeni za mia.

Kwa hivyo kuna watu nitawaambia wachukue. Uko na wazazi Syokimau, gari inalala ndani ya geti, soketi iko ukutani, kazi ni kwenda taoni na kurudi, na Desemba mnaenda shagz wote sita na mbuzi mmoja. Hiyo ndiyo gari yenu. Wiki nzima mnagusa petroli kidogo, na mkifika Eldoret hakuna mtu anatafuta mahali pa kuchaji, mnajaza tanki mnaendelea. (Ukifika kwa shosho usichomeke usiku kucha halafu uamke tokeni zake zimeisha. Nunua zako.) Na ukitaka kupanda ngazi baadaye, ruka hizo za kWh 12 kwenda 13.8, tofauti ni ndogo kwa pesa utakazoongeza. Subiri hizo za kWh 20 zishuke bei. Zile zinaweza kubeba siku nzima ya Nairobi bila kuwasha injini, na zikifika hapa zitakuwa bado changa.

Kama unapanga nyumba, ngazi ya kwanza ya kupanda si gari. Ni soketi. Nenda kwa landilodi, kwa heshima, si kwa meseji. Mwambie: mzee, nataka soketi moja kwa pakingi yangu. Nitamlipa fundi mwenye leseni ya EPRA. Itakuwa na waya wake peke yake kutoka kwa bodi, na swichi yake ya usalama, si ile ya kushona kwa taa ya ngazi. Nitaweka mita ndogo, na kila mwisho wa mwezi soja asome, nilipe uniti zangu pamoja na kodi ya nyumba. Mkiwa wapangaji wawili au watatu wenye nia hiyo, nendeni pamoja, na hapo ndipo kuomba mita ya bei ya magari kunaanza kuwa na maana kwake.

Wengine watakataa, wakidhani utawaibia stima. Wengine watakubali haraka, kwa sababu ploti yenye soketi za magari ni kitu anaweza kuandika kwa bango la "nyumba ziko". Akikubali, mwombe aiweke kwa mkataba wa nyumba na mweke sahihi kabla hujalipa depo ya gari. Ukihama, gari unaenda nayo. Soketi inabaki.