Shaba itapanda treni, na mufanyakazi atabakia ku kamyo?

Asubuhi, jua haijatoka, pita ku barabara kubwa ya Kolwezi, upande wowote. Utaona watu wamesimama makundi makundi, kofia ya kazi mu mukono, viatu vya chuma mu miguu, bukari ya jana imefungwa mu kitambaa. Wanangojea. Wale wa kampuni kubwa wanangojea bisi yenye viti. Wale wa sutretansi, na njo wengi zaidi, wanangojea chochote kitakachokuja: bisi ya zamani yenye karto mu dirisha, ao kamyo ambayo muchana inabeba mifuko ya chokaa na asubuhi inabeba watu.

Mimi nilipanda ile kamyo miaka tatu. Siku moja pneu ilipasuka mu njia, tukakaa pale mu vumbi mpaka wakatafuta ingine. Tulifika nyuma ya saa, na mwisho wa mwezi kila mutu akakuta wamemukatia nusu siku. Tukaenda kuuliza. Kapita akatujibu: «Miye kamyo haiko yangu. Mulikuya nyuma, mulikuya nyuma.» Kamyo haikuwa yake, haikuwa yetu, lakini franga zilizokatwa zilikuwa zetu. Tangu ile siku njo nilianza kuingia mu mambo ya sendika.

Ninaeleza hii juu ya mambo ya treni, ambayo watu wengi wanaona ni ya wakubwa peke yao. Ba kamarade, tusikubali vile. Njia ya treni yetu inazungumzwa sasa kuliko wakati wowote tangu tulizaliwa. Julai 2023, ma-prezida watatu, wa Angola, wa Kongo na wa Zambia, walikutana Lobito, pahali bahari inaanzia. Upande wa Angola, njia ya kilomita karibu 1,300, kutoka Lobito mpaka mupaka wetu, ilipewa kwa miaka 30 kwa kikundi cha Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Mwisho wa 2023, shaba ya Kamoa, tone zaidi ya 1,000, ilitoka Kolwezi kwa majaribio na kufika Lobito kwa siku karibu 8. Desemba 2024 prezida wa Marekani, Joe Biden, naye alikanyaga Lobito. Upande wetu, kutoka Tenke na Kolwezi mpaka Dilolo, kila mutu anasema njia inapaswa kutengenezwa, na ni kweli, juu imechoka: traverse zimeoza, treni inatembea sawa mutu mugonjwa.

Lakini kila mara ninaposoma juu ya hii njia, ninakuta tone. Tone za shaba, tone za kobalti, tone za aside na za mazuti. Siku ngapi mpaka bahari, dolari ngapi kwa tone. Mutu mwenye kupanda na kushuka, simuoni. Na saa ya kumuingiza ni sasa, wakati mipango ingali mu karatasi. Kiisha wakimaliza kupanga saa za treni za mawe, mukija kuomba nafasi ya treni ya watu watawaambia njia imejaa.

Mujue kwamba hii njia tangu mwanzo haikuchorwa kwa ajili yetu. Treni ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mu 1910, ikitoka kusini, juu Union Minière ilihitaji kuyeyusha shaba na kuitosha. Kipande cha Tenke mpaka Dilolo kilimalizika mu 1931, tena kwa ajili ya shaba kufika ku bahari ya Angola. Mwanzo wa miaka ya 1950 waliingiza umeme ku njia ya upande wa Likasi na Tenke, wakati inchi nyingi za Bulaya zilikuwa zingali na treni za makaa. Umeme wa hapa, ya kuvuta mawe ya hapa. Wazee wetu walipanda ile treni, ni kweli, na vijiji vingi vilizaliwa kando ya stasio. Lakini stasio zenyewe ziliwekwa pahali mugodi wa wakati ule ulikuwa. Mugodi wa leo uko pahali pengine, na watu wa leo wanalala pahali pengine. Njo maana kusema tu «murudishe treni ya zamani» haitoshi.

Kuna wanaojibu: watu wa huku hawahitaji treni, wana bisi. Mimi ninawauliza: wale waliokufa Buyofwe walikuwa ndani ya nini? Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka kule Buyofwe, teritwari ya Lubudi, hapa hapa Lualaba. Serikali ilihesabu wafu 75. Ilikuwa treni ya mizigo, si ya watu. Mu 2017, mwezi wa Novemba, upande ule ule wa Lubudi, treni ya sistern za mazuti ilianguka na kuwaka moto, na watu zaidi ya 30 wakaunguzwa, wao pia walikuwa wamepanda treni isiyokuwa yao. Baadaye watu wa serikali walisema: walipanda bila ruhusa. Sawa. Lakini mama mwenye mifuko mbili ya mihogo na mutoto ku mugongo hapandi juu ya wagoni kwa kupenda hatari. Anapanda juu hakuna kingine, ao kile kingine bei yake inamupita. Treni ya watu tunayo tayari, wandugu. Ila haina viti, haina paa, na hakuna mutu anayeandika jina lako ukipanda.

Na barabara? Wote munaijua. Kamyo za shaba zinaenda Kasumbalesa, kamyo za aside na za chokaa zinapanda, na katikati yao bisi zetu, dereva amelala saa tatu. Februari 2019, kule Kabwe, kamyo ya aside iligongana na motokari za watu, na watu karibu makumi mbili wakafa, wengine wameunguzwa na aside. Sheria ya CNSS inasema ajali unayopata ukitoka nyumbani kwenda kazini, ao ukirudi, inahesabiwa kama ajali ya kazi. Ni sheria nzuri. Mujane anaihitaji. Lakini mimi ningependa zaidi bwana yake afike nyumbani.

Basi tunaomba nini? Si treni ya mwendo kasi kama za China. Tuangalie Dar es Salaam. Mwisho wa 2012, Watanzania walianzisha treni za asubuhi na jioni mu muji wao, moja ku njia ya zamani ya reli ya kati mpaka Ubungo, ingine ku njia ya TAZARA. Hawakujenga njia mupya. Walichukua njia iliyopo ya mizigo, wakatengeneza mabehewa ya zamani, wakapanga saa. Kiisha miaka michache wakaongeza kipande ingine, mpaka Pugu. Na musikie hii: upana wa njia ya TAZARA ni milimita 1,067, sawasawa na njia yetu ya SNCC. Kwa hiyo musiache mutu awadanganye kwamba njia yetu ni nyembamba mno ao ya zamani mno kwa kubeba wafanyakazi.

Kwetu mimi ningeanza na kipande kati ya Kolwezi na Tenke na Fungurume. Treni moja mbele ya posti ya asubuhi, moja nyuma ya posti ya jioni, ikirudisha wale wa usiku. Njo mambo ya saa, na hapa mipango mingi ya ma-ofisi inaanguka. Mwenye kupanga anafikiri mufanyakazi anaingia asubuhi anatoka magaribi kama mutu wa biro. Sisi tunafanya posti ya saa 12. Treni ikifika nyuma ya posti dakika makumi mbili tu, haina maana, kila mutu atarudi ku kamyo. Tena kuna wale wa kazi ya zamu, wanaolala mu kambi majuma mbili ao tatu, kiisha wanarudi kwa familia Likasi ao Lubumbashi. Hawa hawahitaji treni kila siku. Wanahitaji treni siku ya kutoka. Kiisha, kipande cha kwanza kikitembea vizuri, njia iongezwe mpaka Likasi, na kutoka Likasi mpaka Lubumbashi. Kipushi nayo isisahauliwe: ni karibu na Lubumbashi, njia ilikuwa huko, na mugodi umefunguliwa tena.

Jambo lingine ambalo mainginia wanajua vizuri kuliko mimi, lakini tulijue pia ili tusidanganywe mu mukutano: njia yetu ni moja tu, treni mbili haziwezi kupishana popote. Zinapishana pahali pa kuepukana, pale ku stasio. Zile pahali zikiwa chache ao fupi, treni ndefu ya mawe itafunga njia na treni ya watu itangojea mu pori. Kwa hiyo mukisikia wanapanga ku stasio gani wataongeza njia ya kando, na urefu gani, musiseme ni mambo ya ba-teknisye. Pale njo wanaamua kama mutu atapita ao hatapita. Mukubwa mumoja wa njia ya treni, mutu mwema, aliniambia: «Weye unaomba viti. Omba kwanza metre mia tano za njia ya kando.» Sikumusahau.

Na quai, pahali pa kupandia. Ikiwekwa ku stasio ya zamani peke yake, mutu wa kartye ya mbali atalipa pikipiki asubuhi na pikipiki jioni, na ile franga itakula faida yote. Wauliza wafanyakazi wanalala wapi mbele ya kuchora. Upande wa mugodi vilevile: kutoka njia mpaka mulango wa mugodi mara ingine ni kilomita nyingi, na pale bisi ya kampuni inabakia na kazi. Njo ninawajibu madereva, wandugu zetu, ambao waliniita msaliti mu mukutano moja: hatuwatoe mu kazi. Mutaendesha safari fupi mara nyingi, pahali pa safari moja ya kuua.

Franga zitatoka wapi? Swali hili wanalileta kama vile ni la kufunga mulango. Kodi ya mugodi mu 2018 iliandikwa upya. Katika redevanse, asilimia 25 inaenda ku provinsi, 15 ku komine na sekta pahali mugodi uko, na 10 mu fongo ya vizazi vinavyokuja. Kando ya ile, kila kampuni inapaswa kutosha asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Sisemi hizi franga zote ziende ku treni. Kuna masomo, kuna maji, kuna lopitali. Lakini tumeona zikijenga rondpwe na sanamu. Quai ya simiti na paa ya manjanja haiwezi kuwa ngumu kuliko sanamu.

Kuna woga mumoja ambao mimi pia ninao, na sitaki kuuficha. Treni ikija, kampuni zingine zitasema: usafiri sasa ni mambo ya serikali, ujilipie tikiti. Hapana. Usafiri wa mufanyakazi ni deni la mutumishi wake leo, na utabakia deni lake siku ya treni. Tikiti, ao karte ya mwezi, ilipwe na kampuni, na ile ya sutretansi kwanza. Hii iandikwe mu konvansyo kolektif mbele treni haijapiga filimbi.

Tena hatuwezi kuomba treni bila kukumbuka wanaoiendesha. Wafanyakazi wa SNCC wamekaa miaka mingi na mishahara ya kuchelewa, na wengine wamekwenda pansio mu mikono mitupu. Mekanisye asiyelipwa miezi mingi njo utamupatia treni yenye watu mia tano? Mambo yao na yetu ni moja, na delegasyo zetu zikae pamoja, hata kama sisi tunasemwa ni matajiri wa Lualaba. (Matajiri! Wauliza ba mama wa soko nani anakopa bukari mwisho wa mwezi.)

Mu sendika yetu tumeanza kaye moja. Tunaandika: jina la kartye, saa ya kutoka nyumbani, saa ya kufika kazini, unapanda nini, unalipa ngapi. Jina la mutu hatuandike, juu tunajua woga wa wale wa kontra fupi. Mpaka sasa mutu aliye mbali zaidi mu kaye anatoka nyumbani masaa manne mbele ya posti. Masaa manne kwenda, masaa manne kurudi, na saa 12 katikati. Muhesabu wenyewe analala saa ngapi. Kila delege aanze kaye kama ile mu kampuni yake, hata ku karatasi ya daftari ya mutoto. Tukiitwa ku meza tusiingie mikono mitupu, na tusipoitwa tutazipeleka wenyewe kwa guvernere.