Likizo ya Mama Asiye na Mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Arudipo kazini, mwajiri hana budi kumruhusu kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Lakini mama wa Kitaya au Mahurunga aliyejifungua Septemba, likizo anapewa na nani? Oktoba korosho zinadondoka, naye yumo mikorosheni. Mtoto ameachwa kwa bibi yake pamoja na kikombe cha uji.

Muuguzi alikwisha kumweleza: maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua miezi 9 na 18. Mama hakusahau. Ndiyo maana siafikiani na wanaokariri kwamba akina mama waelimishwe. Aelimishwe nani, ikiwa baba ndiye aamuaye nani aende shambani na fedha za korosho zitumikeje? Ugali wa mhogo hushibisha, lakini anyonyeshaye anahitaji pia kunde, mboga za majani na samaki, na fedha ya samaki mara nyingi imekwisha kununua redio.

Siku ya kliniki, baba ampakie mama kwenye baiskeli, naye akae foleni. Nasi wanajumuiya, tunaochimba kaburi pamoja bila ujira, tupange zamu za kuwaokotea wazazi korosho. Majina yaanze kuandikwa Agosti.