Maumivu Yasiyoonekana Nayo ni Ulemavu

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanafunzi wa Kitale na Bungoma wameiandikia insha methali hii mara nyingi, na huenda mwalimu anayewasahihishia ndiye aliyelala kwenye kitanda chenyewe. Nyayo zinamwaka moto usiku kucha, na asubuhi hawezi kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo. Miguu anayo miwili, gongo hana. Akifika mbele ya madaktari wanaotathmini ulemavu, hutazamwa toka utosini hadi vidoleni akaonekana mzima.

Maumivu sugu ya mishipa ya fahamu si uvivu wala uzushi. Huletwa na kisukari, mkanda wa jeshi, ukoma, ama pingili za mgongo zinapoubana mshipa. Hata dawa huyaleta. Stavudini iliokoa maisha ya wengi walioambukizwa virusi vya Ukimwi, lakini iliwaachia baadhi yao ganzi na mchomo wa miguu, na mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani likapendekeza iachwe hatua kwa hatua. Dawa imekwenda; mchomo haukwenda nayo kwa kila mtu.

Je, sheria yawatambua watu hawa? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, haikukomea kwenye viungo na hisi ilipoeleza maana ya ulemavu. Imetaja pia hali au ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Basi mlango haukufungwa. Kinachowashinda wengi ni ushahidi, kwa maana taratibu zetu zimezoea kuhesabu kinachoonekana. Sensa ya 2019 iliuliza habari za kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Maumivu hayakuulizwa.

Kinachotafutwa si kidogo. Aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu aweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Aidha, mwalimu mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60, ingawa kwa asiyepata usingizi miaka hiyo mitano yaweza kuwa adhabu. Ruzuku ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni jambo jingine. Hiyo imekusudiwa nyumba maskini zenye mtu aliye na ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa wakati wote. Mwalimu mwenye mshahara asijidanganye kwamba itamfikia.

Ushauri wetu kwa wenye maradhi haya ni kwamba wasiende mikono mitupu. Kadi za kliniki za miezi mingi, majina ya dawa zilizojaribiwa, na barua ya daktari anayeeleza mgonjwa hawezi kufanya nini, wala si jina la ugonjwa tu, vina uzito kuliko machozi. Kwa atokaye Kapsokwony akashuka hadi Bungoma, kurudishwa kwa kukosa karatasi moja ni nauli na siku nzima iliyopotea.

Lakini madaktari nao wana deni. Uzi mgumu wa nailoni ukibonyezwa kwenye wayo hubainisha mahali hisia zilipokufa, na bei yake ni ndogo mno. Mtambo wa kupima mwendo wa umeme katika neva ni ghali, na isitoshe hauoni madhara ya nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu, hivyo majibu safi ya mtambo huo yasitumiwe kumwita mtu mwongo. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini Mei 2025. Twaitaka Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila jopo la tathmini, likiwemo la Kitale na la Bungoma, linauliza maswali ya maumivu na kuyaandika majibu yake.

Walimu wakuu nao wasingoje cheti ndipo wamruhusu mwenzao kuketi kitini afundishapo.