Daftari la Wiki: Ulaya kwa Kiinua Mgongo

Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa fedha hizo hazirudishwi. Mke na mume hutoa euro 180 kabla hawajajua kama safari ipo au haipo. Juu yake kuna bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya mwajiri au ya pensheni, uthibitisho wa malazi na alama za vidole. Watu waliofundisha au kuuguza wenzao miaka thelathini, wakasomesha wanao, wakajenga, na sasa wanataka kuiona dunia kwa kiinua mgongo chao, wanatakiwa kumthibitishia ofisa wa dirishani kwamba watarudi kwenye nyumba waliyoijenga kwa jasho lao. Utaratibu huu unadhalilisha, na kuzoeleka kwake hakujaufanya uwe wa haki.

*

Ombi hupelekwa ubalozi wa nchi ambako wasafiri watakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ubalozi wa nchi watakayoingilia. Milango ya maombi hufunguka miezi sita kabla ya safari, na wanaongoja mwezi wa mwisho hujitafutia presha bure. Mtego mkubwa uko London. Uingereza ina viza yake, na anayetoka Paris kwenda London kisha akataka kurudi Ufaransa lazima awe na viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja akishavuka kwenda London, viza yake imekwisha, hata kama hoteli ya Paris imeshalipiwa.

*

Schengen yenyewe ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Mkataba ulitiwa saini hapo Juni 14, 1985, ndani ya meli, na nchi tano. Leo zimo nchi 29, baada ya Bulgaria na Romania kukamilisha kuingia Januari 2025.

*

Muhuri wa pasipoti unaondoka. Tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya Schengen inachukua picha na alama za vidole na kuhesabu yenyewe siku 90 ndani ya kila siku 180. Aliyezidisha siku moja sasa anaonekana kwenye kompyuta, hata kama zamani angepita.

*

Msimu huu matangazo ya safari yanasambaa kwenye simu, mengi yakiuza miji saba kwa siku kumi. Hesabu yake ifanywe hadharani. Kuhama mji mmoja kwenda mwingine ni kufungasha, kukabidhi chumba asubuhi, kufika stesheni, kusafiri, kutafuta mtaa usioujua, na mara nyingi kungoja hadi saa tisa alasiri ndipo chumba kipya kifunguliwe. Kila kuhama kunakula nusu siku kwa uchache. Miji saba ni kuhama mara sita, maana yake siku tatu kamili za likizo zinaishia kwenye mizigo. Zikitolewa na siku za ndege kwenda na kurudi, zinabaki siku tano za kuona miji saba. Watu waliongoja maisha yao yote hawastahili kuuziwa kitu hiki. Miji mitatu inatosha, minne ikiwa karibukaribu, na katika mmojawapo wakae siku tano hadi muuza mikate awazoee.

*

Katika kila ndoa inayosafiri kuna anayetaka kuona kila kitu na anayetaka kukaa kitako akatazama watu wakipita. Wote wawili wana haki, na ratiba isiyo na alasiri hata moja tupu imemnyima mmoja wao likizo yake.

*

Treni ndiyo raha ya kweli ya Ulaya, na wageni kutoka nje ya bara hilo wana tiketi yao ya pamoja iitwayo Eurail, iliyoanza 1959. Lakini tiketi hiyo pekee haitoshi Ufaransa na Italia, ambako treni za kasi zinadai kiti kilipiwe mapema kwa ada ya ziada. Ujerumani treni nyingi hazidai. Kwenye treni za mikoani za Italia, mwenye tiketi ya karatasi huigonga kwanza kwenye mashine ndogo iliyotundikwa ukutani au kwenye nguzo karibu na jukwaa. Karatasi husukumwa tunduni, hutoka na tarehe na saa pembeni. Asiyegonga hupigwa faini hata kama nauli ameilipa, na kondakta hasikilizi maelezo. Wapagazi ni nadra siku hizi. Begi lisiloweza kuinuliwa na mwenyewe hadi usawa wa kifua libaki nyumbani.

*

Mwezi Juni jua la Paris huzama karibu saa nne usiku. Aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu hujikuta anakula chakula cha usiku mchana kweupe, na anayeswali isha hulala karibu na saa sita na kuamka amechoka. Septemba ni mwezi wa upole zaidi kwa mwili na kwa mfuko.

*

Jumba la makumbusho la Louvre, Paris, hufungwa Jumanne, na makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu. Kila mwaka watu huvuka bahari kuja kushika kitasa cha mlango uliofungwa.

*

Baada ya wizi wa vito wa Oktoba 2025 jumbani humo, kila anayeitaja Louvre anautaja. Kwa msafiri wa Afrika Mashariki habari nzito ni nyingine: tangu Januari 14, 2026 mgeni kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya analipa euro 32, mwenyeji wa eneo hilo analipa 22. Kwa wawili ni euro 64 kwa siku moja. Kulalamika tu hakutoshi, maana Tanzania na Kenya zimetoza wageni zaidi hifadhini kwa miaka mingi, na kwa sababu nzuri: simba wa Serengeti ni wa Watanzania kwanza. Louvre lakini ina kumbi nzima za vitu vya Misri na Mesopotamia. Mjukuu wa waliovichonga vitu hivyo analipa bei ya juu ili avione, na hapo hoja ya mwenye mali kwanza inageuka na kumsimamia mgeni.

*

Mona Lisa ina urefu wa sentimita 77 na upana wa 53. Mbele yake kuna mamia ya simu zilizoinuliwa. Kwenye kumbi za jirani zipo kazi kubwa zisizo na foleni, na ndizo za kutazamwa na mtu aliyelipa euro 32.

*

Venice ilianza kutoza wageni wa mchana Aprili 25, 2024: euro 5 kwa siku zilizotangazwa, na tangu 2025 ni euro 10 kwa anayechelewa kulipa. Anayelala mjini hatozwi, ila lazima ajiandikishe. Ada hii imezua kelele nyingi, na kelele zimefunika jambo lenyewe. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Leo hawafiki 50,000. Nyumba zimegeuka vyumba vya wageni, na mwenyeji anayetaka kumpangia mama yake chumba anashindana na bei ya mtalii wa usiku mmoja. Euro 5 haziwezi kurudisha majirani. Wanandoa wanaoupenda mji huo walale humo usiku mbili au tatu, wale kwenye migahawa ya wenyeji, na waamke saa kumi na mbili asubuhi kabla makundi hayajafika. Begi la magurudumu liachwe: madaraja ni zaidi ya 400, na mengi yana ngazi.

*

Roma ina mabomba ya maji ya kunywa zaidi ya 2,000 mitaani, bure usiku na mchana, na bado watalii wanasimama kando yake wakinunua chupa.

*

Mlangoni mwa Kanisa la Mtakatifu Petro, Vatican, mabega na magoti hufunikwa. Wanawake hugeuzwa kila siku, wengine wakiwa wamesimama juani kwa saa nzima. Khanga moja mkobani inamaliza kazi.

*

Sarafu zinazotupwa kwenye chemchemi ya Trevi hukusanywa na kupewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa, kwa ajili ya maskini. Hiyo ni sarafu iliyotupwa vizuri.

*

Lisbon haimo kwenye matangazo mengi ya miji saba, na ni kosa. Katika monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumfikisha India. Jengo hilo la mawe yaliyochongwa kama kamba na matumbawe liligharimiwa kwa ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki. Nalo jumba la Museu Nacional de Arte Antiga lina kitu ambacho kila mtoto wa pwani angepaswa kukijua: Custódia de Belém, chombo cha ibada cha mwaka 1506 kinachohusishwa na Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wa dhahabu na enameli wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na uso wake. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Ni kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kuitoa mwaka 1502, chini ya mizinga ya meli zake. Miaka mitatu baadaye kundi jingine la meli za Kireno lilirudi na kuupora mji. Aliyekwenda Kilwa Kisiwani akasimama kwenye magofu ya msikiti mkuu, kisha akakiona chombo hiki, amevisoma vipande viwili vya habari moja. Majumba haya hufungwa kwa ukarabati kwa miezi, hata miaka. Taarifa ziangaliwe kabla tiketi haijalipiwa.

*

Berlin. Kwa Mtanzania, na hasa kwa mtu wa Kusini, mji huu una deni la kutembelewa. Pergamon, jumba lake maarufu, limefungwa kwa matengenezo tangu Oktoba 2023, lakini linalohusika hapa liko mtaa wa Invalidenstraße: Museum für Naturkunde, hatua chache kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi chenye jina lake, njia ya U6. Katika ukumbi wake mkuu, chini ya paa la kioo, amesimama mjusi wa Tendaguru.

Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa popote duniani kilicho kirefu kuliko hicho. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka kama wa twiga na jina lake la kisayansi likawa Giraffatitan. Mtu mzima akisimama kando ya mguu wa mbele, kiwiko cha mnyama kinabaki juu ya kichwa chake. Mifupa ni ya miaka milioni 150 iliyopita. Wenzake waliotoka kilima kilekile wamo ukumbini humo: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus.

Tendaguru ni kilima kilicho kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Wenyeji waliijua mifupa hiyo kabla mhandisi Bernhard Sattler hajaiona mwaka 1906 na kupeleka habari Ujerumani. Tarehe hizo zisomwe pamoja na nyingine. Vita vya Maji Maji vilianza 1905 na kuisha 1907, na Kusini yote ilikuwa imechomwa mashamba na maghala. Njaa iliua wengi kuliko risasi. Mwaka 1909, katika nchi hiyo hiyo iliyojeruhiwa, kazi ya kuchimba ikaanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ikaendelea hadi 1913. Waliochimba, waliosafisha na waliobeba walikuwa mamia ya watu wa Kusini, wakifika karibu 500 katika msimu mkubwa, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeujua mfupa kwa mkono. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Kiunzi kilisimamishwa Berlin mwaka 1937.

Bungeni Dodoma swali la mjusi huyu limeulizwa mara kadhaa: arudishwe au Tanzania ipate faida gani kwake? Hoja ya gharama na utunzaji si ya kudharauliwa. Mfupa wa miaka milioni 150 hauwekwi bandani. Lakini hoja hiyo haijibu jambo moja. Kijana wa Lindi anayetaka kumwona mnyama aliyebebwa na babu wa babu yake analipa euro 90, anaonyesha taarifa za benki, na anaweza kukataliwa. Viza ya bure kwa wanafunzi na watafiti wa mkoa ule, na nakala kamili ya kiunzi ikisimamishwa Lindi kwa fedha za Berlin, ni mambo yanayowezekana kesho, kabla mjadala wa kurudisha haujaisha.

Jumba hufungwa Jumatatu. Wanandoa wenye siku moja tu Berlin waanzie hapo, asubuhi, na wasiondoke ukumbini kabla ya saa mbili kupita.

*

Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya hurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa anazoondoka nazo, akivuka kiwango cha chini: Ujerumani zaidi ya euro 50 kwa duka moja, Italia zaidi ya 70, Ufaransa zaidi ya 100. Fomu huombwa dukani kwa kuonyesha pasipoti. Idhini ya forodha hutolewa katika nchi ya mwisho ya Umoja, kwenye uwanja wa ndege, kabla begi halijakabidhiwa, kwa sababu ofisa anaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe. Foleni ya dirisha hilo ni ndefu wakati wa kiangazi, hivyo saa tatu kabla ya ndege ndiyo kadiri ya kufika.