Kwa Mafundi: Spana ya Kupimia Mkazo

Mkono wa fundi aliyezoea magurudumu ya lori haujui kipimo cha bolti ya injini ndogo. Mwili wa injini ya pampu umefanywa kwa alumini, nayo ni laini. Bolti ya chuma ikikazwa kupita kiasi hung'oa hesi za tundu. Hapo kazi ya robo saa huwa ya siku mbili, na mwenye pampu hutazama sukuma wiki yake ikinyauka.

Dawa yake ni spana ya kupimia mkazo. Lakini mnunuzi mara nyingi huonyeshwa kwanza ile ndefu, ya nyutoni-mita 40 hadi 200, naye huipenda kwa kuwa yaonekana kufaa kwa kila kazi. Hiyo ni ya nati za magurudumu. Bolti ya milimita 6 hutaka nyutoni-mita 10 hivi tu, hesabu ambayo spana ile haina hata alama yake. Yamfaa ile fupi, ya 5 hadi 25, ili kazi yake ya kila siku iwe karibu na katikati ya kipimo. Iko pia ya mshale, isiyo na springi ya kurekebishwa. Hiyo hudumu sana, ila jicho sharti liwe juu ya mshale, na pengine katika pembe za injini jicho halifiki.

Katika Honda GX160, inayoendesha pampu nyingi, bolti nne za kifuniko cha silinda hukazwa nyutoni-mita 24, na zile za mkono wa pistoni 12. Hizi za pili ndizo za kuogopwa, kwani zikilegea injini ikiwa mbioni, mkono huweza kutoboa ukuta wa injini. Kitabu kikiandika kwa ratili-futi, kila moja ni nyutoni-mita 1.36, aonaye 17 akadhani ni nyutoni-mita ataacha kifuniko kikivuja.

Hesi zisafishwe na kukaushwa, isipokuwa kitabu chenyewe chataka mafuta. Nguvu nyingi ya mkono, yapata sehemu tisa katika kumi, huliwa na msuguano. Mafuta yakiupunguza, spana italia kwa hesabu ile ile, kumbe bolti imevutwa zaidi.

Mpini ushikwe penye alama yake, uvutwe polepole, na spana ikilia, mkono uache papo hapo. Wako wapendao kuisikia mara ya pili ili roho itulie. Mvuto huo wa pili huongeza mkazo. Bolti za kifuniko hukazwa kwa kukingamana, kwanza kidogo zote, kisha hadi kipimo kamili.

Spana hii haifungulii bolti iliyoshika kutu. Ile ya kulia, jioni hurudishwa kwenye alama yake ya chini kabisa, springi ipumzike, ndipo iwekwe sandukuni mwake, mbali na nyundo.