GEINI SIYO VOLYUMU, JAMANI!

Test zimeisha juzi, ila leo nimekaa hapa hosteli Mabibo na hasira zangu.

Mwezi uliopita nilimega bumu langu nikamchangia bro anunue sabufa ya kuweka kwenye Corolla yake anayofanyia teksi. Tukaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Waya kafunga safi, sikatai. Halafu akachukua bisibisi, akazungusha geini ya amplifaya mpaka ikagoma. "Dogo, hapo nimekufungulia yote!" Tukachekelea kama mazuzu. Wiki ya tatu gari likaanza kunuka kitu kinachoungua, sabufa kimya. Koili imekwenda. Fundi anasema eti sabufa ilikuwa feki.

Feki ni ule ufungaji wake! Geini SIYO volyumu. Kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile ambazo amplifaya inategemea kupokea. Redio nyingi za gari zinatoa volti 2 mpaka 4 hivi. Ukifungua geini mpaka mwisho, amplifaya nyingi zinajaa kwa volti 0.2 tu. Ukipandisha redio kidogo, amplifaya imeishiwa, inaanza kukata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa likawa bapa linaweza kubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi, na sehemu kubwa inaishia kuwa joto kwenye koili.

Na kupima ni dakika kumi! Chomoa sabufa. Geini chini kabisa, besi busti sifuri (desibeli 6 tu za ile busti zinadai nguvu mara nne). Redio iweke robo tatu, piga mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu. Chukua mita, weka kwenye volti za AC, gusisha pale sabufa inapochomekwa. Kama ni wati 300 za RMS na sabufa ya omu 4, zidisha: 1200. Kipeuo chake cha pili ni 34.6. Pandisha geini taratibu mpaka mita isome hapo, halafu ACHA. Kama sabufa inabeba wati chache kuliko amplifaya, pigia hesabu zile za sabufa. Hii ni hesabu ya sekondari, siyo ya maprofesa.

Najua kuna mtu atasema, "Ukiweka hivyo haidundi." Kama haidundi, nunua amplifaya kubwa au tengeneza boksi zuri. Usiinyonge ndogo.

Na sisi wateja tuna kesi. Fundi anafungua mpaka mwisho kwa sababu anajua tutatabasamu na kulipa. Asiye na mita mkononi, mnyime hela.

Bro sasa anabeba abiria kimyakimya, mimi nala mlo mmoja mpaka bumu lijalo.

Naomba kuwasilisha.