Kioo Kilichomo Ndani ya Redio

Labda juu ya kabati lako ipo redio iliyokwisha kunyamaza, au taa ya sola isiyowaka tena. Ukiifungua utaona kibao chembamba, mara nyingi cha rangi ya kijani, kimejaa vidude vidogo vidogo. Wengi hudhani kibao hicho ni plastiki tu, na siku ya kuchoma takataka hukitupa motoni. Kumbe mara nyingi ni kitambaa cha kioo! Tukijue vizuri, maana kukijua kutaokoa redio yako, na zaidi ya hayo kutawakinga watoto wako.

Utauliza, kioo hufumwaje? Kioo kikiyeyushwa katika tanuru kali huwa kizito kama asali. Hupitishwa katika matundu madogo sana, kisha huvutwa upesi upesi mpaka kiwe nyuzi. Unywele mmoja wa mtu huushinda uzi huo kwa unene karibu mara kumi. Nyuzi hizo hukusanywa na kufumwa kwa mtande na mshindio, kama nguo yoyote ile. Halafu kitambaa hulowanishwa kwa gundi kali iitwayo epoksi, hupangwa tabaka juu ya tabaka, hufunikwa na shaba nyembamba kama karatasi, na vyote hushindiliwa pamoja penye joto. Hapo hupatikana ubao mgumu, wenye unene wa milimita 1.6 kwa kawaida. Mwishowe shaba isiyotakiwa huondolewa kwa dawa, zikabaki njia nyembamba tu. Njia hizo ndizo waya za redio yako.

Njia za namna hiyo si jambo la jana. Paul Eisler, Mwaustria aliyehamia London, alizitia katika redio mnamo mwaka 1936. Vibao vingi vya zamani vilikuwa vya karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi, na hata leo vimo katika vyombo vya bei rahisi. Utavijua kwa rangi yao ya kahawia. Lakini karatasi hunywa unyevu na huvunjika upesi. Kitambaa cha kioo hakipitishi umeme, hakivimbi ovyo wakati wa masika, tena hustahimili joto la kulehemu.

Lehemu ya siku nyingi ni bati na risasi, nayo huyeyuka kwenye digrii 183 hivi. Umoja wa Ulaya ulikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu tarehe 1 Julai 2006, kwa hiyo lehemu mpya isiyo na risasi hutaka digrii 217 au zaidi. Kioo hakijali joto hilo, maana hakilegei mpaka kipite digrii 800. Kinacholegea ni gundi. Epoksi ya kawaida huanza kulainika karibu na digrii 130. Kwa hiyo fundi akikandamiza chuma cha moto mahali pamoja kwa muda mrefu, njia ya shaba hubanduka, na redio iliyokuwa na kosa moja huwa na makosa mawili. Fundi hodari hugusa kwa sekunde mbili tatu, huondoa mkono, na kungoja pakapoa.

Sasa tufike kwenye hatari zake.

Kwanza, vumbi. Ukikata kibao hiki kwa msumeno au kukipiga tupa, vumbi lake ni vipande vya kioo. Huwasha ngozi na kukwaruza koo. Fanya kazi hiyo nje, lowanisha kibao, funika pua na mdomo, kisha futa kwa kitambaa kibichi. Usipulize kwa mdomo. Hali kadhalika brashi ya nyuzi za kioo ambayo mafundi wengine husafishia shaba: nyuzi zake hukatika na kuchoma vidole.

Pili, risasi. Aliyeshika lehemu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto.

Tatu, moto, na hili ndilo kubwa. Wako vijana wachomao vibao ili wapate shaba. Haya, tupige hesabu. Kibao cha sentimita 10 kwa 10, chenye shaba upande mmoja, kwa kawaida kina gramu 3 hivi tu za shaba, hata kama isingeondolewa hata chembe. Na kwa gramu hizo tatu mtu avuta moshi wenye sumu, kwa kuwa epoksi ya vibao vingi hutiwa dawa ya bromini ili isishike moto kwa urahisi. Tena risasi haipotei kwa kuungua: hubaki katika jivu na udongo wa uani, mahali pale pale mtoto anapotambaa na kutia vidole kinywani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na akili iliyopotea hivyo hairudi.

Wazee husema moto huzaa jivu. Jivu la kibao hiki ni sumu.

Basi, ile redio ya kabatini mpelekee fundi. Ikiwa haiponi, mwachie: vipuri vyake vitaponya nyingine. Na ukimwona kijana aandaa moto wa vibao, usipite kimya. Mwonyeshe hesabu ya gramu tatu.